Mgeni wa Maua na Mgeni wa Magugu

Vitabu vingi vilivyotoka nchi za kaskazini husifu majira yanayofuata baridi, wakati theluji imeyeyuka, miti imechipua, nyumba zimepambwa kwa maua, na jamaa hutembeleana na kufanya karamu. Mfasiri wa Kiswahili afikapo hapo husita. Mmoja huandika masika, kwa sababu masika ndiyo majira yetu ya majani mabichi. Lakini masika yetu ni mvua na matope, wala hayakutanguliwa na theluji yoyote. Mwingine huandika majira ya machipuko, na neno lake ni sahihi kwa mti lakini ni geni kwa mtu. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza darasani kama watu wa kwetu, katika bonde la Kilombero, wanayo majira ya namna hiyo. Nilimjibu ya kuwa wanayo, walakini si kama yanavyodhaniwa. Tangu siku ile nimeona ya kuwa ndani ya jibu langu limefichika swali la maadili lililo zito kuliko swali la tafsiri, nalo ndilo nitakalolijadili katika insha hii.

Msomaji asiyelijua bonde lile na afikiri uwanda mpana uliolala kati ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na milima ya Mahenge upande wa kusini-mashariki. Mto Kilombero hupita katikati, na mji wa Ifakara uko karibu na mto huo. Mvua huanza mwishoni mwa mwaka, huzidi mwezi wa Machi na Aprili, na mto hufurika ukatandaza maji juu ya uwanda. Watu hupanda mpunga mvua zinapoanza kukolea, hupalilia Januari na Februari, na huvuna kuanzia Mei hata Julai. Zamani, na hata leo kwa wengi, jamaa nzima huhama mjini au kijijini ikaenda kukaa kwenye vibanda vya shambani kwa miezi kadha, ili ipalilie na kuamia ndege. Watafiti wa taasisi ya afya ya Ifakara, ambayo asili yake ni maabara iliyoanzishwa na Waswisi katika miaka ya 1950, wameyachunguza sana maisha hayo ya nyumba mbili, kwa sababu jamaa iliyo shambani huwa mbali na zahanati na karibu na mbu.

Kabla ya mavuno mpunga huchanua. Wakulima husema kwanza ya kuwa mpunga umebeba mimba. Kisha suke hutoka, na asubuhi jua likishapanda vijiua vyake hufunguka. Kila kimoja hufunguka kwa muda kama wa saa moja, kikatoa nyuzi nyembamba zenye chavua, kikajifunga tena. Suke zima humaliza kuchanua kwa muda wa juma moja hivi. Hakuna mtu anayelichuma ua hilo akaliweka mezani, wala halina rangi ya kusimuliwa. Yungiyungi wa mabwawani ni mzuri kuliko hilo, na mkrismasi unaowaka mwezi wa Desemba hupendeza zaidi machoni. Hata hivyo, mwulize mzee yeyote wa Kilombero ni ua gani analolipenda, hatakutajia yungiyungi.

Hayo ndiyo machipuko yetu. Lakini yana jambo moja ambalo vitabu vya kaskazini havikutufundisha kulitazamia. Wakati uwanda wote umevaa kijani na mpunga unachanua, ghala ni tupu. Mavuno ya mwaka uliopita yamekwisha, na ya mwaka huu yangali chavua. Nje ya nyumba mna neema ya macho, na ndani mna mihogo, matembele na kambale akipatikana. Maua na njaa huja siku moja kupitia mlango mmoja.

Sasa katika majira hayo huingia sikukuu. Pasaka huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, na kwa Wakristo wa Ifakara, ambao ni wengi, hizo ni siku za maji na ua la mpunga. Idi ya Waislamu hufuata mwezi, hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, kwa hiyo miaka mingine nayo hufika ghala likiwa tupu. Sikukuu ni wasafiri. Mfano ulio wazi ni Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja. Asili yake ni Nauruzi ya Waajemi, ambayo kwao huadhimishwa mwezi wa Machi, majira ya baridi yanapokwisha. Ilipofika pwani yetu ikahesabiwa kwa siku 365 pasipo kuongezwa siku ya mwaka mrefu, basi ikawa inateleza kidogo kidogo, na leo husherehekewa mwezi wa Julai. Watu wa Makunduchi hawakuona hasara. Waliijaza sikukuu hiyo maana ya kwao. Nataja hayo ili ionekane ya kuwa tarehe ya furaha aghalabu tunaipokea kutoka mbali, bali chakula cha furaha hiyo hatuna budi kukitafuta hapa tulipo.

Sikukuu haiji peke yake. Huja na wageni. Tangu reli ya TAZARA ilipojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, jamaa waliokaa Dar es Salaam au Mbeya waliweza kushuka stesheni ya Ifakara na mizigo yao na watoto wao. Upande wa Ulanga walivuka kwa kivuko mpaka daraja kubwa la Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018. Mgeni atokaye mbali huuona uwanda wa kijani, akasema, "Mmebarikiwa nyinyi." Mwenyeji hutabasamu, akamwambia, "Karibu ndani." Kisha huenda nyuma ya nyumba kunong'ona na mkewe.

Basi swali ni hili: je, nyumba yenye ua pasipo punje ina haki ya kufanya sherehe, au hata ina wajibu wa kuifanya? Na ikifanya, gharama ya furaha hiyo ni ya nani kuitoa?

Wahenga wametuachia methali mbili zinazoonekana kupigana. Ya kwanza husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika ya kwanza mgeni ni dawa. Katika ya pili mgeni ni mzigo unaotafutiwa mahali pa kutuliwa. Watu wengi huchagua methali kwa kadiri ya hali ya ghala lao, wakaiita hekima. Mimi nilifundishwa methali zote mbili katika mwaka mmoja, na sikuzifundishwa kwa mdomo.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Dada yangu alikuwa apokee komunyo ya kwanza siku za Pasaka, na baba alitaka siku hiyo iwe na heshima. Shamba letu lilikuwa ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro, la ekari mbili. Mama, bibi na sisi watoto tulilipalilia tangu Januari. Baba alikuwa na kazi ya mshahara mdogo mjini, akaja siku za Jumapili. Ghala lilikuwa tupu. Baba akaenda kwa mfanyabiashara mmoja, akauza magunia manne ya mpunga uliokuwa ungali ua. Mapatano yao yalikuwa ya kawaida katika majira yale: kwa kila gunia lililolipiwa sasa, mnunuzi atachukua mawili wakati wa mavuno, nayo yawe ya lumbesa, yaani yaliyoshindiliwa hata kufungwa kilemba juu.

Sherehe ilifana. Mwana hakukosa gauni jeupe, wala mgeni hakukosa wali na nyama. Walikula watu zaidi ya 30: mjomba wangu kutoka Dar es Salaam na jamaa yake, shangazi kutoka Mang'ula, majirani wa mtaa, na mama mmoja mgeni kabisa, aliyehamia karibu nasi mwezi ule na hakuwa na jamaa pale. Kulikuwa na maua yaliyofungwa kwenye nguzo za ukumbi na nyimbo mpaka usiku. Nakumbuka ya kuwa nilifurahi kupita kiasi, na furaha ile siikani hata leo.

Mama hakuambiwa habari za magunia mpaka wageni walipokwisha kuondoka. Alipoambiwa hakupiga kelele. Alisema neno moja tu: "Baba fulani, umeuza jasho ambalo halijakauka." Kisha akaenda kuosha vyombo.

Mavuno yalipofika tulipata magunia 14. Manane yakapakiwa kwenye gari la mnunuzi. Sita yaliyobaki yalilipa ada na nguo, na yaliyosalia yakaliwa yakaisha kabla ya mwezi wa Desemba. Januari baba akashikwa na ugonjwa mrefu, na mama akabaki kati ya mgonjwa mjini na magugu shambani. Ndago hazingoji mgonjwa apone. Dawa ya jambo kama hilo kwetu ni ujima: nyumba huwaita majirani, nao huja siku moja na majembe yao, wakalima kwa pamoja, wakalishwa. Lakini ujima hauitwi kwa chungu kitupu. Wali uliokuwa utuletee mikono 20 ya wapaliliaji ulikuwa umekwisha kuliwa siku ya Pasaka, na mara mbili yake ulikuwa umechukuliwa na gari. Hapo ndipo nilipoijua gharama ya sherehe ile: ilikuwa imekula chakula, na pamoja na chakula ilikuwa imekula uwezo wetu wa kuomba msaada.

Kutokana na kisa hiki mtu mwenye busara ya hesabu atatoa hukumu upesi. Atasema ya kuwa baba alikosea, kwamba karamu ya maskini ni wizi anaojiibia mwenyewe, na ya kuwa nyumba haina haki ya kucheka kabla ya kuvuna. Hukumu hii ina nguvu, na serikali na mashirika ya maendeleo wameihubiri mara nyingi kwa wakulima: weka akiba, usiuze mazao mabichi, punguza sherehe. Sitaki kuidharau. Watoto waliolala na uji mwepesi mwezi wa Februari wana haki ya kusikilizwa, nami nilikuwa mmoja wao.

Walakini hukumu hii ikifuatwa hata mwisho, itafika mahali pabaya. Katika bonde lile ghala huwa tupu kila mwaka kwa majira yale. Na maskini hulala ghala likiwa tupu miaka yote. Tukisema ya kuwa asherehekee mwenye akiba peke yake, tumefanya furaha kuwa mali ya matajiri, na tumempokonya maskini kitu ambacho hata mafuriko hayakumpokonya. Baba alipoulizwa baadaye alijitetea kwa maneno ambayo bado nayaheshimu. Alisema ya kuwa mtoto hupokea komunyo ya kwanza mara moja tu. Ya kuwa mtu asiyealika hatakumbukwa. Na ya kuwa aliona haya kumwambia binti yake kwamba siku yake ingoje mpunga. Ndani ya utetezi huo mna jambo la kweli: sherehe ni njia ya nyumba kusema mbele ya watu, "Huyu ni mtu, naye ni wetu." Neno hilo lina wakati wake, na wakati wake ukipita halisemeki tena.

Basi pande mbili zina haki, na ndiyo maana swali ni gumu. Ili kutoka hapo yafaa tutazame kwanza habari za mgeni, kisha habari za mwenyeji.

Juu ya mgeni, mwanafalsafa Immanuel Kant wa Ujerumani, katika kitabu chake cha mwaka 1795 juu ya amani ya milele, alipambanua haki mbili. Alisema ya kuwa kila mwanadamu ana haki ya kuzuru, yaani kufika katika nchi ya watu pasipo kutendewa kama adui, kwa maana dunia ni moja na imeviringana, watu hawana budi kuvumiliana juu yake. Lakini haki ya kuwa mgeni wa nyumbani, ya kula na kulala, si haki ya kila mtu. Huhitaji mapatano maalumu ya hisani. Mpambanuo huu ni mzuri, ila una ukuta katikati: upande huu mpita njia, upande huu mtu wa nyumbani, wala hauonyeshi mlango wa kupita kutoka hali moja hata nyingine.

Methali yetu ya jembe ndiyo mlango huo. Mwalimu Nyerere aliitumia katika maandishi yake ya mwaka 1962 juu ya ujamaa, akaongeza ya kuwa kwa kweli mgeni mwenyewe aliweza kuliomba jembe hata kabla hajapewa, kwa sababu alijua linalotazamiwa kwake. Wengi huisoma methali hii kama onyo kwa mvivu. Mimi naiona ni heshima. Mtu asiyepewa jembe ni mtu ambaye nyumba inangoja aondoke. Anayepewa jembe ameambiwa ya kuwa mavuno yajayo yanamhusu. Siku mbili za kwanza ni za mwanadamu yeyote, mwenye udugu na asiye na udugu, nazo hazina hesabu. Siku ya tatu ni mwanzo wa kuwa mwenzi. Kwa hiyo methali mbili hazipigani. Mgeni humponya mwenyeji, na sehemu kubwa ya dawa yake i katika mkono wake ulioshika mpini.

Turudi mwezi ule wa Januari. Kati ya watu zaidi ya 30 waliokula siku ya Pasaka, wawili walikuja shambani. Mmoja alikuwa shangazi, aliyepanda treni kutoka Mang'ula na jembe lake limefungwa kwa khanga. Wa pili alikuwa yule mama mgeni asiyekuwa na jamaa. Alifika kabla ya kuitwa. Mama alipomwambia, "Dada, hatuna cha kukupa," alijibu, "Nilikwisha kula, dada," akainama akaanza kung'oa. Hatukuwa na udugu naye wala ukabila mmoja. Tangu siku ile mimi na ndugu zangu tulimwita mama mdogo.

Msomaji asidhani ya kuwa nawahukumu wale wengine. Majirani walikuwa na magugu yao, nayo ndago hukua siku moja katika mashamba yote. Mjomba, ambaye tulimsema vibaya mtaani kwa kuwa alikula sana na kuimba sana, alikuwa ametuma fedha za dawa kwa mkono wa abiria wa treni, na sisi watoto hatukuambiwa mpaka baada ya miaka mingi. Palizi za nyumba ni za namna nyingi. Aliye mbali aweza kupalilia kwa fedha, kwa barua, kwa kumlea mtoto wa nduguye aliyekwenda kusoma mjini. Kinachotakiwa ni kwamba mgeni aijue nyumba katika majira yake mawili, na asiione mwezi wa maua tu akadhani ameiona. Huyu namwita mgeni wa maua. Yule wa pili namwita mgeni wa magugu. Mtu mmoja aweza kuwa huyu leo na yule kesho, na si kazi yetu kumpiga chapa mwenzetu kabla ya Februari.

Sasa habari za mwenyeji. Nilipokuwa kijana nilidhani ya kuwa kosa la baba lilikuwa kukaribisha. Leo naona ya kuwa halikuwa hilo. Kosa lake lilikuwa kuutoa ukarimu kutoka katika mikono ambayo hakuiuliza. Ua lile la mpunga lilikuwa limefikia kuchanua kwa mgongo wa mama na bibi, na kwa usingizi wa watoto walioamka alfajiri kwenda juu ya dungu kufukuza kweleakwelea. Baba alipewa sifa ya mkarimu, nao wakapewa deni. Katika nyumba nyingi jambo hili hutokea pasipo mtu kuliona, kwa sababu anayesimama mlangoni kupokea wageni si yule aliyeinama shambani, na shukrani hutolewa mlangoni.

Kwa hiyo nadai hivi: kila sherehe hukopa kwa waliopalilia. Deni hilo si haramu. Lakini mwenyeji hana budi kuomba kwa wenye mali kabla ya kulitwaa, na mgeni hana budi kujua amekula cha nani. Laiti baba angalimwuliza mama, nadhani naijua sehemu ya jibu lake. Asingalikataa, alimpenda binti yake kama yeye. Angalisema magunia mawili, si manne. Angaliwaambia wageni waje na unga au kuku. Angalipika perege pamoja na nyama. Sherehe ingalikuwa ndogo, na ingalikuwa ya watu wote wa nyumba.

Yupo atakayepinga akisema ya kuwa ukarimu unaohesabiwa si ukarimu, na kwamba nikiweka deni ndani ya karamu nimeigeuza duka. Hoja hii yanigusa, kwa maana hakuna jambo baya kama mwenyeji anayehesabu matonge. Lakini kukumbuka si kuhesabu. Mfanyabiashara aliyenunua ua letu alihesabu: moja kwa mawili, kwa lumbesa, siku fulani. Mama mdogo alikumbuka. Hakupima sahani yake ya wali akailinganisha na matuta aliyoyapalilia; aliijua nyumba iliyompokea, na alipoiona katika shida alikuja. Deni la mfanyabiashara likilipwa uhusiano umekwisha. Deni la mgeni likilipwa uhusiano ndiyo kwanza umeanza.

Yupo pia atakayeuliza juu ya mtoto, mzee na mgonjwa, ambao hawawezi kushika jembe. Je, hawana haki ya kuketi mkekani? Wanayo, tena ya kwanza. Hao si wageni wa maua. Hao ndio sababu ya watu kupalilia. Bibi yangu, alipokuwa hawezi tena kuinama, aliketi kivulini shambani akitupigia hadithi ili tusichoke, na hakuna aliyeuliza anafanya kazi gani.

Mambo ya leo yamebadilika umbo lakini si asili. Daraja limefanya safari ya kwenda ng'ambo kuwa ya dakika chache. Simu huleta habari ya msiba au arusi kabla jua halijapanda, na hupeleka fedha papo hapo. Kadi za michango ya arusi hutufikia ofisini nyingi kuliko mishahara. Mpunga bado huuzwa ungali ua, na sherehe bado ni mojawapo ya sababu, pamoja na ada, ugonjwa na mbolea. Juu ya hayo, sisi tuliosoma tumekuwa tabaka jipya la wageni wa maua. Likizo ndefu ya chuo huangukia baada ya mavuno. Hushuka stesheni wakati kihenge kimejaa, ngoma zinalia na maarusi wanatolewa, tukapakia mchele wenye harufu nzuri kurudi nao mjini, tukaandika mashairi ya sifa za nyumbani. Mashairi ni mazuri, na nyumbani ni kweli kunasifika. Lakini wangapi kati yetu tumewahi kukuona nyumbani mwezi wa Februari?

Nilijiuliza swali hilo kwa aibu, kwa sababu jibu langu lilikuwa miaka 19. Miaka michache iliyopita niliomba ruhusa, nikaenda Ifakara wakati wa palizi. Mama alidhani nimefukuzwa kazi. Alinipikia siku mbili, akanitandikia kitanda kizuri, akawaita majirani waje wanisalimu. Siku ya tatu alfajiri nilisikia akigonga mlango. Alikuwa ameshika majembe mawili, moja limefungwa upya mpini. Hakutaja methali yoyote. Aliniuliza tu kama viatu vile ndivyo nitakavyoendea shambani.

Nililima vibaya. Watoto wa jirani walinicheka, na mikono yangu ilitoka malengelenge kabla ya saa nne. Lakini mwezi wa Aprili, nilipopigiwa simu kuambiwa ya kuwa mpunga umechanua, nilijua habari hiyo inanihusu, na mwaka ule nilipokwenda kula wali mpya nilijua, kwa mara ya kwanza tangu utotoni, ni cha nani nilichokuwa nakula.

Kwa hiyo namjibu mwanafunzi wangu sasa kwa ukamilifu kuliko siku ile. Machipuko tunayo. Maua yetu ni madogo, hufunguka kwa saa moja, na nyuma yao kuna ghala tupu. Yafaa tuyasherehekee, kwa maana nyumba isiyosherehekea mpaka ishibe aghalabu haisherehekei. Ila kabla ya kuwafungulia wageni mlango, na tugeuke kwanza tuwaulize waliopalilia. Na tukiwa wageni, tukumbuke njia ya kurudi wakati magugu yanapoota.